Kupima maji ya ardhini na gesi kwenye dampo: mahali, mkono na saa

Tangu jaa la Kiteezi, dampo la taka za Kampala, liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia watu, huku Uganda kila mtu anaongea kuhusu kasasiro (takataka), lakini macho yote yako kwenye kile kilima cha juu. Mimi naomba tuangalie chini, kuna maji meusi yanachuruzika kutoka kwenye takataka na kuna gesi inatambaa ndani ya udongo mpaka chini ya nyumba za watu. Na ukipima vibaya ni hatari kuliko kutopima, maana utawaambia majirani wako salama kumbe hapana.

Kabla hujachimba, jua maji yanaelekea wapi. Kwenye vilima vyetu mara nyingi yanashuka kufuata mteremko mpaka kwenye kinamasi bondeni, ila usikisie kwa macho. Weka visima vitatu kwa umbo la pembetatu, mpima ardhi akupe mwinuko wa mdomo wa kila bomba, wewe upime maji yapo kina gani kutoka hapo mdomoni, hapo mwelekeo utauona. Kwenye visima vya kudumu, kimoja kikae upande wa juu wa dampo ambako maji hayajagusa taka, na visivyopungua vitatu upande wa chini. Kile cha juu mabosi wanapenda kukikata ili kuokoa hela, usikubali! Ukikuta nitreti na kloraidi zimepanda kule chini, bila kile cha juu utajuaje kama ni dampo au ni vyoo vya shimo vya mtaani, ambavyo wilaya nzima ya Wakiso vimejaa?

Kisima chenyewe sio kigumu: bomba la PVC la inchi 2 lenye mipasuo myembamba sehemu ya chini, changarawe safi kuzunguka hiyo mipasuo, juu yake bentonaiti (ule udongo unaovimba ukilowa) kuzuia maji ya mvua yasiingie, halafu saruji, kofia na kufuli. Kufuli ni lazima, watoto wanatupia mawe.

Siku ya kuchukua sampuli anza na kisima cha juu, umalizie na kichafu zaidi, usije ukabeba uchafu na kifaa chako. Kwanza pima kina cha maji kabla hujagusa kitu. Halafu toa yale maji yaliyolala ndani ya bomba, hayo yamechacha, hayakuambii kitu kuhusu ardhi. Bomba la inchi 2 linabeba kama lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo ukiwa na mita 6 za maji ni lita 12, unatoa mara tatu, lita 36, yaani jerikeni moja ya lita 20 na ya pili karibu ijae. Huku unatoa unaangalia pH, joto na upitishaji wa umeme kwenye ndoo, namba zikitulia ndio unajaza chupa. Chupa ya metali kama risasi na kadimiamu maji yachujwe kwanza kisha yatiwe asidi ya nitriki, ya amonia inatiwa asidi ya salfuriki, ya bakteria haitiwi asidi kabisa na ifike maabara siku hiyohiyo. Zote ndani ya barafu, nyuzi 4 hivi, na kama umezipakia kwenye boda angalia barafu isiyeyuke njiani.

Sasa gesi. Mabomba ya gesi yachimbwe kati ya dampo na nyumba, yafike kina cha chini ya taka au mpaka ukaribie maji, na juu yawe na koki inayokaa imefungwa muda wote. Soma presha kwanza, halafu methani, kabonidioksaidi na oksijeni. Oksijeni ikikaribia asilimia 21 shuku koki au bentonaiti inavuja, unapima hewa tu.

Na saa ni muhimu sana! Zamani tulikuwa tunapima asubuhi kwa sababu ni baridi na kazi inaisha mapema, bomba moja likawa linatoa sifuri kila mara, siku moja tukachelewa tukalifikia saa kumi alasiri, meta ikapiga kelele. Huku kwetu presha ya hewa inashuka kila alasiri, ikishuka udongo unapumua nje. Pima saa hizo, na rudia baada ya mvua kubwa, kwa sababu udongo wa juu ukilowa unaziba na gesi inakimbilia pembeni, kwenye nyumba.

Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Meta nyingine zinaandika 100 zikimaanisha ile 5, yaani umefika asilimia 100 ya kiwango cha kuanza kulipuka, kwa hiyo andika kipimo ni kipi. Ile meta ya sensa inayochoma gesi usiiamini ndani ya bomba lisilo na oksijeni, itakudanganya, tumia ya infraredi, inayopima kwa mwanga bila kuchoma. Marekani ndani ya majengo mwisho ni asilimia 1.25. Ukikuta hiyo sebuleni kwa mtu, usiwashe wala kuzima taa, fungua milango, toa watu wote nje, halafu mwite mwenyekiti wa LC1 (kiongozi wa kijiji).

Rudi kila miezi mitatu, mvua za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba zisikupite. Majibu ya maabara yakija, kabla ya kuandika ripoti, nenda pale kwenye chemchemi uwaambie kina mama wanaochota maji.