Somo: Kufufua kompyuta ya kizamani bila kuiua mara ya pili

Wakuu, mashine za miaka ya 1990, zile za prosesa 486 na Pentium za mwanzo, bado zinaibuka kwenye stoo za shule na ofisi hapa Mwanza. Mtu akiipata moja, haraka yake ni kuchomeka waya aone kama inawaka. Hapo ndipo nyingi zinapofia. Katika somo hili kuwasha kunakuja mwisho.

Hatua ya 1: Angalia nyuma ya pawa saplai. Nyingi zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani huenda imekaa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka hivyo utasikia mlio, kisha harufu. Sukuma swichi ikae 230. Ndani usifungue kama hujazoea, kapasita zake, vile vikopo vya kutunza umeme, hubaki na chaji hata waya ukishachomolewa. Monita ya kioo kinene nayo mwachie fundi wa televisheni.

Hatua ya 2: Betri. Hapa tusiharakishe. Bodi kuu nyingi za prosesa 386 na 486 zina betri ya nikeli-kadimi ya volti 3.6, umbo la pipa dogo, imechomelewa kabisa kwenye bodi. Ikizeeka huvuja na kula shaba. Ukiona ukoko wa kijani karibu nayo, ikate leo hii, hata kama mashine bado ni nzima. Maji yake ni alkali, ndiyo maana tunatumia siki. Chovya mswaki wa zamani, sugua taratibu mpaka ukoko uishe, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti isiyotiwa rangi. Acha ikauke kwelikweli; unyevu wa huku ziwani si wa Dodoma. Kisha pima njia za shaba kwa multimita, na iliyokatika iunge kwa waya mwembamba.

Kama betri ni ya sarafu, CR2032, una bahati. Chomoa, weka mpya.

Hatua ya 3: Vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku halafu wanafia kwenye feni. Tumia brashi laini. Kompresa ya gereji hapana, upepo wake hubeba maji na mafuta.

Hatua ya 4: Tazama vichwa vya kapasita. Kilichovimba kinabadilishwa. Ugonjwa huu uko zaidi kwenye bodi za miaka ya 2000 mwanzoni.

Hatua ya 5: Chomoa RAM na kadi zote, sugua meno yake kwa raba ya penseli. Rudisha RAM na kadi ya picha tu. Pawa saplai za AT, yaani za muundo wa zamani, zina plagi mbili, P8 na P9: waya nyeusi zikutane katikati, ukikosea umeua bodi. Sasa washa. Tarehe ikisoma 1980 usishtuke, kumbukumbu ya mipangilio imefutika tu.

MASWALI

Mdau wa Nyegezi: Fundi, yangu inalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kioo giza.
Jibu: Kama BIOS, ile programu ya kuamshia mashine, ni ya kampuni ya Award, inalalamikia kadi ya picha. Isugue tena, ijaribu kwenye tundu jingine.

Mdau wa Sengerema: Mkuu, badala ya ile betri ya pipa naweza kuchomelea CR2032 palepale?
Jibu: Usiiweke tupu, kaka. Bodi itajaribu kuichaji, na CR2032 haichajiwi; inaweza kupasuka. Weka dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya, mstari wake uelekee bodi. Kama bodi ina pini nne za betri ya nje, unga hapo, ila soma kwanza jampa (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini) inayozihusu.

Mdau wa Igoma: Nimeweka diski ya GB 40 kwenye 486, inaiona kama MB 504. Diski mbovu?
Jibu: Nzima kabisa, dada. BIOS nyingi za wakati ule haziwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Mimi ningeachana na diski zinazozunguka, nikaweka kadi ya kumbukumbu ya CF ya MB 512 kwa adapta ya IDE, yaani ya kebo ile ile ya diski. Haina kelele, na DOS, mfumo endeshi wa wakati ule, haihitaji zaidi. Ukiifunga peke yake kwenye kebo, weka jampa ya adapta kwenye masta.