Ligi ya tenisi mtaani: anzeni na ratiba

Mpwa wangu wa Maweni alinijia juzi: "Shikamoo mjomba. Tumepata watu wanane, tuanzeje?" Nilichomwandikia ni hiki, na mwingine hapa Malindi huenda kikamfaa.

Kwanza kiwanja. Ombeni hoteli iliyo nacho iwapeni saa ambazo wageni hawachezi, na mpatane kwa maandishi.

Pili ratiba, na hapa msifanye haraka. Msimu wangu wa kwanza niliwaambia wachezaji wapatane wenyewe. Wiki ya tatu, wawili walikuwa wamecheza mechi tano tano, na mzee mmoja alikuwa ameshika raketi yake mpaka kiwanjani mara mbili asimkute mtu. Hakurudi tena, na ligi ikafa. Bado inaniuma.

Watu wanane wakikutana wote ni mechi 28, yaani duru saba za mechi nne nne. Andika majina kwenye vikaratasi, uvipange mezani safu mbili. Wa juu anacheza na wa chini yake. Duru ya pili, karatasi ya juu kushoto usiiguse. Zile saba zisogeze nafasi moja, kwa mwendo wa mshale wa saa. Endelea hivyo mpaka duru ya saba. Mkiwa saba, ongeza karatasi tupu: anayeiangukia anapumzika. Ratiba nzima ibandikwe kabla ya mechi ya kwanza.

Chezeni seti mbili. Kila mmoja akishinda seti moja, amueni kwa taibreki, yaani gemu moja ya kuamua, ya kufika pointi 10, mshindi awe mbele kwa mbili. Ukianza saa kumi alasiri, mechi moja huisha kabla ya magharibi. Msipange mbili. Mwenye udhuru acheze kabla ya duru inayofuata. Asiyetoa taarifa amepoteza. Na msianze katikati ya masika, mtaahirisha mpaka mchoke.

Wavu uwe sentimita 91.4 katikati. Mimi nimekata ufito wa mkoko kwa kipimo hicho, unakaa pale pale kiwanjani. Kusi ikivuma, badilishaneni upande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano, kama sheria inavyotaka, la sivyo mmoja anaonewa na upepo.

Mipira ya kopo jipya iwe ya mechi tu, maana ikishafunguliwa hupoteza upepo wake.

Matokeo yaandikwe daftarini, wote wawili watie sahihi kabla ya kuondoka. WhatsApp ni ya kukumbushana siku.