Umemaliza digrii na boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limekata, sa hivi unafanyaje?

Mdogo wangu uliyetoka kumaliza chuo hapa Dodoma, UDOM au St. John's, naujua huo mwezi, godoro umeliacha kwa mshkaji mtaa wa Ng'ong'ona, mama anapiga simu kila siku anauliza unarudi lini, na wewe hata hujui ukirudi utafanya nini. Nakuomba, usiamue kitu kikubwa mwezi huo. Wengi hapo ndo wanaomba masters kisa wanaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Anza na makaratasi. Fuatilia cheti na transkripti mpaka uvishike mkononi, kama kuna ada unadaiwa ijulikane mapema, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi matokeo ya muda hayapokelewi. Afu fungua akaunti Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vilivyopigwa muhuri wa wakili. Angalia majina! Kama cheti cha kuzaliwa kinasoma tofauti na cha form four, nenda kwa wakili sasa hivi, usingoje siku ya usaili.

Masters soma kama kazi unayoitaka inaidai. Unataka kufundisha chuo kikuu, sawa, ila angalia GPA yako kwanza, matangazo ya mkufunzi msaidizi mengi yanataka kuanzia 3.8 ya digrii ya kwanza na hiyo masters haiwezi kuipandisha. Kama hujui unaisomea nini, ngoja, ada yake nzito na deni la Bodi ya Mikopo bado lipo, ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara.

Kujitolea hapa ndo pana mambo. Mimi nilijitolea ofisi moja miezi 11, nauli natoa mfukoni, nachapa barua na kupanga mafaili tu, siku naondoka hata barua ya utambulisho sikupewa, iliniuma sana. Kwaiyo wewe kabla hujaanza uliza: nitafanya kazi gani hasa, nani atanisimamia, nikimaliza nitapata barua? Afu piga hesabu ya nauli, ofisi nyingi za serikali ziko Mtumba, ukiwa umepanga Nkuhungu kwenda na kurudi kila siku na chakula cha mchana ni hela kweli. Weka tarehe ya mwisho, miezi sita inatosha, iandike kwenye daftari.

Na mishe za huku kwetu usizidharau. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mahindi yanashuka soko la Kibaigwa, alizeti ipo mpaka Singida. Halmashauri wanatenga 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, katika hiyo kumi, nne ni za vijana, ila mnaomba kwa kikundi, kwaiyo chagua watu unaowaamini na hela. Lakini kabla ya kukopa kaa sokoni hata mwezi mzima, beba magunia, jua nani anapanga bei na mzigo unaozea wapi.

Ukishapata mwelekeo mpigie mama umwambie, "mama, najaribu hiki mpaka mwezi wa sita, kisipokubali nakuja tukae tuongee". Wazazi wengi wakijua tarehe wanatulia, na hata unga wanakutumia.