Kuvua na kupiga kambi kisiwani kwa kufuata maji

Wanaoanza huuliza kwanza habari za ndoana na chambo. Mimi huanza na jedwali la maji, maana kupwa na kujaa ndiko kunakoamua saa ya kuvuka, mahali pa kusimamisha hema na saa ya kutupa mshipi.

Hatua ya 1: Soma maji kabla ya kufunga mzigo

Kwenye pwani nyingi bahari hujaa mara mbili kwa siku, takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo maji ya kesho yatachelewa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mikondo hupoa. Kama ni safari yako ya kwanza, nenda wakati wa maji mafu.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Kujaa huchukua kama saa sita, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda. Mfereji uliouvuka kwa miguu maji yakikufika magotini unaweza kukufika kifuani ukichelewa kidogo tu kurudi.

Hatua ya 2: Ruhusa, maji ya kunywa na kuaga

Hakikisha kisiwa hakimo ndani ya hifadhi inayokataza uvuvi au kulala. Beba lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi, kwani upepo ukichafuka hakuna chombo kitakachokufuata. Mwachie mtu wa nchi kavu siku na saa ya kurudi kwako.

Hatua ya 3: Simamisha hema

Tembea ufukweni utafute mstari wa mwani mkavu na vijiti. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Mara nyingi kuna mstari wa pili juu zaidi, wa zamani na uliochakaa: huo ni wa bamvua. Lala juu ya huo wa pili, hata kama mchanga wa chini unakuvutia. Usilale chini ya mnazi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mifuko, funga kamba za hema, kisha ifukie. Mlango uelekee demani, yaani upande usiovumiwa na upepo, upepo usije ukalijaza hema kama tanga. Moto uuwashe chini ya mstari wa maji, na ukimaliza uzime kwa maji. Kuufukia ni hatari: makaa hubaki na joto chini ya mchanga, na anayeyakanyaga ni mtu aliye pekupeku.

Hatua ya 4: Funga mshipi

Miamba hula vifaa. Kwa hiyo chubwi, yaani risasi ya kuzamisha mshipi, lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa, utapoteza chubwi peke yake. Kwenye ndoana, pitisha mshipi tunduni, uzungushe ncha kwenye mshipi wenyewe mara tano hadi saba, irudishe kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, ulowanishe kwa mate, ndipo ukaze polepole. Fundo lililokazwa kavu huunguza nailoni, na hukatika samaki mkubwa anapovuta.

Kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, usishtue mshipi. Mwache samaki aondoke na chambo, kisha kaza taratibu. Itamshika pembeni mwa mdomo, na aliye mdogo utamrudisha akiwa mzima.

Hatua ya 5: Tupa maji yakitembea

Napenda saa mbili za mwisho za kujaa, samaki wanapopanda kutafuta chakula juu ya mwamba. Yakianza kupwa, hamia penye mlango ambapo maji hutoka kwa nguvu. Wakubwa hungoja pale wadogo wanaosukumwa nje. Ukitembea majini vaa viatu vigumu na uburuze miguu, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akusikie aondoke. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kisha utafute matibabu.

Hatua ya 6: Samaki akishatoka

Muue upesi, mtoe damu na matumbo, umweke kwenye barafu. Jodari na vibua wakikaa juani hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi. Bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, usimle kabisa, hata ukiambiwa anajulikana kuandaliwa. Wa kurudisha mshike kwa mikono iliyolowa, ute wake usitoke.

Hatua ya 7: Kuondoka

Vunja kambi mapema, upakie chombo maji yakiwa bado yanapanda. Kikikwama yatakiinua tena. Kikikwama wakati wa kupwa, utasubiri hadi maji yarudi. Okota kila kipande cha nailoni, hata kifupi, maana ndege hunaswa miguu.