Praima na rangi ya kupuliza kwa modeli za plastiki: kopo lipi, saa ngapi

Kopo la rangi ya kupuliza chagua kwa kuangalia kiyeyusho kilichomo kabla hujaangalia rangi ya kifuniko. Modeli nyingi za kuunganisha, ziwe ndege, meli au magari, ni za polistirini, plastiki ile ile ya kasha gumu la CD, na polistirini huyeyushwa na asetoni, toluini na zailini. Gundi ya modeli hufanya kazi kwa njia hiyo: inalainisha kingo mbili mpaka zinashikana. Kopo lenye viyeyusho hivyo ukilimwaga kwa wingi, umepaka gundi bawa zima.

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vipuri, Mtwara au Lindi, kopo la kawaida ni la mililita 400, la geti, pikipiki au bodi ya gari. Soma mgongo wake utafute maneno acetone, toluene na xylene. Ukiyakuta, kopo bado linaweza kutumika, ila kwa mikono (yaani tabaka) myepesi tu, ile ambayo kiyeyusho kimeruka karibu chote kabla rangi haijatua. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ile ya gari ya kujaza mikwaruzo iache dukani. Ni nzito, na kwenye ndege ya kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, mistari ya paneli na vichwa vya ribiti vitazama visionekane tena. Lililoandikwa plastic primer nalo linapotosha: limetengenezwa kwa ajili ya bampa za polipropilini, plastiki yenye utelezi ambayo rangi haiishiki. Polistirini haina shida hiyo, kwa hiyo unanunua ukali usiouhitaji.

Ukiwa na mtu wa kukuletea, agiza praima ya modeli, Tamiya Fine Surface Primer au Mr. Surfacer. Namba za Mr. Surfacer zisome kama za msasa: 500 ni nzito na inajaza mikwaruzo, 1000 ni ya kazi za kila siku, 1500 ni laini kabisa. Rangi za Tamiya ziko kwenye makopo ya mililita 100, na herufi zake zina maana. TS ni ya polistirini. PS ni ya polikaboneti, yaani zile bodi angavu za magari ya rimoti. Ukizibadilisha, PS itaila polistirini, na TS itabanduka bodi ya polikaboneti ikipinda. Kopo moja la mililita 100 linatosha ndege ndogo mbili tatu za 1:72. Agiza mzigo uje kwa barabara, kwa sababu abiria wa ndege haruhusiwi kubeba rangi ya kupuliza, si mkononi wala kwenye begi la chini.

Kopo lolote usilolijua lijaribu kwenye fremu, vile vijiti vinavyoshikilia vipande. Kata vijiti viwili, vioshe, kimoja kipige mkono mwepesi, kingine kilowanishe kabisa, kisha viache mpaka kesho saa ile ile. Kishike kile kilicholowana ukielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, au pembe kali za kijiti zimeviringika, plastiki imeliwa. Bonyeza ukucha: ukizama, kiyeyusho bado kimo ndani. Halafu bandika tepu ya karatasi kwenye kile cha mkono mwepesi, ibandue kwa haraka. Rangi ikija na tepu, ama hukuosha vizuri au kopo hilo haliivani na plastiki hii.

Rangi ya praima ina kazi yake. Kijivu ndicho cha shughuli nyingi, na ndicho kinachofichua mkwaruzo uliobaki. Chini ya njano au nyekundu weka nyeupe, la sivyo utapiga mikono mitano na njano bado itaonekana chafu. Fedha hukaa vizuri juu ya nyeusi inayong'aa. Nyekundu ya kutu inafaa tumbo la meli, na mara nyingi hakuna haja ya kupaka kitu kingine juu yake.

Mpangilio wa tabaka ndio unaowaponza wengi: laka (rangi ya kiyeyusho kikali, kama TS na Mr. Surfacer) iwe chini, rangi ya mafuta juu yake, akriliki ya maji popote. Laka ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta, hata iliyokauka siku mbili, kiyeyusho chake huamsha tabaka la chini nalo hujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Sasa hewa yetu. Laka huruka haraka, na inaporuka hupoza uso wa modeli. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutonea pale pale na rangi inageuka ya maziwa. Unyevu ukipita asilimia 80 hivi, weka kopo chini. Kuanzia Desemba hadi Aprili subiri siku isiyo na mvua, upulize kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana: umande umekwisha, na upepo wa bahari haujashika kasi. Msimu wa kusi unyevu si tatizo kubwa. Tatizo ni upepo wenyewe. Aliyepuliza mikorosho analijua hili, dawa huenda kwa jirani. Kwenye modeli ni mbaya zaidi, kwani rangi hukaukia hewani na kutua kama vumbi la salfa kwenye jani. Pulizia ndani ya boksi kubwa lililolazwa, mdomo ukiwa upande wako, mlango na madirisha wazi, mbali na jiko la mkaa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa.

Wapo watakaokushauri upashe kopo kwenye maji ya moto kabla ya kupuliza; ushauri huo ni wa nchi za baridi. Pwani kopo lina joto la kutosha, na lisipite nyuzi 50 kamwe, kwa hiyo usiliache kwenye gari juani. Labda Newala, juu uwandani, asubuhi ya Julai, maji ya vuguvugu yatasaidia.

Osha vipande kwa sabuni ya maji na mswaki laini ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa, maana chumvi inayobaki huvuta unyevu chini ya rangi. Kausha chini ya chandarua. Tikisa kopo dakika mbili tangu gololi ianze kugonga. Umbali ni shibiri moja, kama sentimita 20. Anza kupuliza nje ya modeli, pita bila kusimama, achia ukiwa umeshapita. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, plastiki ionekane bado. Subiri dakika kumi, piga wa pili, kisha wa tatu ndio ufunike. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, kidomo kisizibe.

Praima ikikwaruza kama msasa, ulisimama mbali au palikuwa na upepo: iache siku nzima, kisha sugua kwa msasa namba 1000 au 1500 na maji. Ikitiririka, usiiguse ikiwa mbichi. Weupe wa unyevu kwenye laka mara nyingi huondoka ukipiga mkono mwembamba wa laka ile ile siku kavu, kwani unayeyusha tabaka la juu na kuachia maji yaliyonaswa. Ikiwa yote yameharibika, usiifuate thina. Loweka kipande kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa saa chache, sugua kwa mswaki, na kama rangi inagoma rudisha ukiloweka usiku kucha. Plastiki yenyewe kwa kawaida haitaguswa.