Kuomba ruzuku ya mradi wa mazoezi: anza na hesabu ya kipindi kimoja

Andiko la kuomba fedha za mradi wa mazoezi huharibika mapema, pale linapoanza na orodha ya vifaa. Mfadhili anataka kwanza kujua ni nani aliyekuwa akishinda amekaa na atakayeanza kutembea, kucheza au kuruka kamba kwa sababu yenu. Tajeni mlengwa mmoja: wazee wa zaidi ya miaka 60, akina mama wenye watoto wachanga, wasichana walioacha michezo walipomaliza shule. "Wakazi wote" si mlengwa. Mkifungua mlango kwa kila mtu, watakaojaa ni vijana ambao tayari wanacheza kila jioni, na ruzuku itakuwa imelipia kilichokuwa kikifanyika bure.

Tumieni kipimo kinachojulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku. Vipindi viwili vya dakika 45 vinatoa dakika 90 tu. Semeni hivyo wazi, kisha elezeni dakika 60 zilizobaki kufikia 150 za mtu mzima zitapatikanaje, mathalani kwa kikundi cha kutembea kinachojiendesha chenyewe.

Bajeti ijengwe kutoka kipindi kimoja kwenda juu. Andikeni gharama zake zote: malipo ya mwalimu, uwanja au ukumbi, maji ya kunywa, usafiri, sehemu ya bima, sanduku la huduma ya kwanza. Kisha zidisheni. Vipindi 2 kwa wiki kwa wiki 36 ni vipindi 72. Wakihudhuria watu 25 kwa wastani, hayo ni mahudhurio 1,800. Gawanyeni bajeti yote kwa 1,800 mpate gharama ya hudhurio moja. Anayepitia maombi ataipiga hesabu hiyo hata msipoiandika, kwa hiyo afadhali aikute imeandikwa. Rudieni kwa watu 15: mahudhurio yanashuka hadi 1,080 na gharama ya kila moja inapanda kwa theluthi mbili. Ikiwa hata hapo bado mnaweza kuitetea, mradi umesimama vizuri.

Kasma ya mwalimu, yaani fungu lake katika bajeti, ndiyo ya mwisho kupunguzwa. Vikundi vingi huikata ili vinunue vifaa zaidi, halafu wa kujitolea anapata kibarua kwingine na vipindi vinakufa huku stoo imejaa. Mwekeni msaidizi mmoja anayelipwa japo kidogo, ili mwalimu akiugua kipindi kisifutwe. Vipindi viwili vikifutwa mfululizo, wageni huwa hawarudi. Wazoefu tu ndio wanaovumilia.

Kwenye vifaa, kinachosahaulika ni vitu vidogo. Utakuta mipira 10 imeombwa bila pampu wala sindano za kujazia upepo, bila wavu wa kuibebea, bila kabati lenye kufuli. Andikeni pia ufunguo utakaa kwa nani. Mipira ya kuchezea kwenye changarawe au lami huchakaa haraka, basi gawanyeni ununuzi: nusu mwanzoni, nusu katikati ya mradi. Ombeni bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu. Tengeni asilimia 5 hadi 10 ya bajeti kwa dharura kama masharti ya mfadhili yanaruhusu, na saa za wanaojitolea ziorodheshwe kama mchango wenu.

Nyaraka zinachelewesha kuliko kuandika kwenyewe. Zianzeni kwanza:

- Katiba, cheti cha usajili na akaunti ya benki vyote viwe na jina lilelile, herufi kwa herufi.
- Watia saini wa akaunti wasipungue wawili, na wasiwe ndugu.
- Ruhusa ya kutumia uwanja iwe ya maandishi na idumu hadi mwisho wa mradi.
- Kama kuna watoto, wekeni utaratibu wa kuwalinda: watu wazima wawili kila kipindi, na jina la anayepokea malalamiko.

Fedha nyingi hutoka kwa awamu, na awamu ya pili husubiri ripoti ya kwanza. Pangeni ripoti iende wiki kadhaa kabla fedha hazijakauka. Tena msinunue chochote kabla ya kusaini mkataba mkitegemea kurudishiwa. Wafadhili wengi hawalipi matumizi ya nyuma.

Matokeo yapimwe kwa swali moja, likiulizwa siku ya kujiandikisha, wiki ya 12 na mwishoni: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulifanya mazoezi kwa dakika 30 au zaidi? Waulizeni na walioacha kuja. Mkiwauliza waliobaki tu, takwimu zitapendeza lakini hazitasema kweli, na mfadhili makini ataliona hilo. Daftari la mahudhurio lisainiwe palepale uwanjani. Linalojazwa mwisho wa mwezi hutambulika kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Mkitaka kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, ombeni idhini kwa maandishi kabla ya kutumia. Ombi la aina hiyo hukubaliwa mara nyingi. Matumizi yaliyogunduliwa kwenye ukaguzi ndiyo yanayodaiwa kurudishwa.