Kabla hujaingiza hata godoro, piga picha

Ukipata nyumba ya kupanga, usiulize kodi tu. Uliza na vinavyoambatana nayo: maji, umeme, taka, ulinzi. Mita ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine? Hapo wengi tunaumia, kodi inaonekana nafuu, halafu bili ya kugawana inakuja mwisho wa mwezi.

Ila kinachonigusa zaidi ni amana, ile pesa unayomwachia mwenye nyumba mwanzoni na kurudishiwa ukihama, ikiwa hujaharibu kitu. Siku ya kukabidhiwa funguo, zunguka na simu yako. Piga picha kila chumba, namba za mita, kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea. Fungua kabati la chini ya sinki umulike na tochi. Mimi niliwahi kukatwa amana kwa ubao uliooza pale chini, na ulikuwa umeoza kabla sijahamia. Sikuwa na ushahidi wowote, iliniuma sana. Picha zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Na rangi kufifia kwa kuishi tu si uharibifu, kwa hiyo usikubali kukatwa kirahisi.

Mkataba usome wote, hasa kipengele cha notisi na cha kupandisha kodi, ubaki na nakala yenye sahihi zenu wote wawili. Kila malipo, dai risiti.

Hata ukidaiwa kodi, nchi nyingi haziruhusu mwenye nyumba kubadilisha kufuli au kukutolea vyombo nje bila amri ya mahakama.